Upepo wa Gaudensi, Mbinga Hadi Ngumbo

Tangu nirudi, kila ninapokaa kuna mtu anasogeza kigoda chake karibu na changu na kusema, "Longino, hebu tupe ile ya harusi." Nikimsimulia mmoja nasahau ya kijiji cha Ruanda, nikimsimulia mwingine nasahau padri. Basi naandika mara moja, msome kwa zamu, mniache ninywe kwa amani. Shule yangu ni darasa la nne, kwa hiyo msihangaike na nukta zilizokaa vibaya. Waliotukosea nitawataja kwa majina. Wakinuna, nyumbani kwangu wanapajua.

Gari mnalijua. Ushirika ulipoanza kukohoa, na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda huku milimani na magari yao kununua kahawa mlangoni kwa mtu, sisi wa zamani tukaambiwa asanteni. Mimi niliyepima kahawa yenu kwenye mizani miaka yote ile nikaambiwa nichague: meza ya ofisi, au Land Rover iliyokuwa nyuma ya ghala ikiota majani. Wenye akili walichukua meza. Mimi nikachukua Land Rover, na kuku aliyekuwa ametaga kwenye kiti cha dereva.

Injini yake ya petroli ilikuwa imekufa kabla sijaoa. Fundi Gaudensi, naye ndiye wa kwanza kumtaja, akaniambia nisiwe na hofu, soko ni huria, injini za Kijapani siku hizi zinatoka Dubai kama suruali za mitumba. Akaileta ya dizeli kutoka Songea, akakata hapa, akachomelea pale, ikaingia. Ilipowaka mtaa mzima ulipiga makofi. Na kupanda mlima ilipanda kama mbuzi. Shida ilikuwa kusimama.

Mbinga mpaka Kitai

Kilichokuwa mbele yetu ni hiki. Stazia, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi, alikuwa anaolewa Ngumbo kule ziwani na Lazaro, yule kijana aliyekuwa akiwaletea dagaa wa usipa sokoni. Ndoa ilikwisha kuahirishwa mara mbili, mara moja kwa sababu ya msiba, mara ya pili mvua ilibomoa barabara. Sasa ilipangwa Jumamosi saa nne asubuhi, na Jumatano inayofuata ni ya Majivu. Kwaresima ikiingia hakuna ndoa mpaka Pasaka. Na mama yake Lazaro alikwisha kusema waziwazi kwamba akingoja mara ya tatu atasahau jina la bibi harusi, tena wasichana Liuli wapo.

Kwa hiyo Alhamisi nikamwendea Gaudensi. Alikuwa chini ya lori la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikazungumza na miguu.

"Gaudensi, pedeli ya breki ni ngumu kama jiwe la kusagia. Nakanyaga, gari linaendelea na safari zake."

"Upepo huo, Mzee Longino," miguu ikajibu. "Breki zako ni upepo tu."

"Nifanyeje?"

"Si nimekwambia? Ushughulikie upepo."

Hata mimi mpima kahawa najua kwamba upepo ukiingia kwenye mabomba ya breki hutolewa. Mmoja anakanyaga pedeli, mwingine analala chini na spana, analegeza nati ndogo kwenye gurudumu, mapovu yanatoka. Nikaazima spana ya Gaudensi, nikanunua chupa ya mafuta ya breki, nikajiona fundi.

Ijumaa asubuhi tukaondoka watu watatu kiti cha mbele: mimi kwenye usukani, Stazia katikati, na dada yangu Editha dirishani. Editha ni shangazi wa bibi harusi, na kwa mujibu wake ndiye aliyekuwa msimamizi wa safari. Nyuma tulipakia masanduku, mahindi, maharage na jogoo wawili wa mkwe. Ndugu wengine walikuwa wametangulia kwa lori la mahindi, na sasa mnajua kwa nini walikuwa na akili kuliko sisi.

Kabla ya Kigonsera tu, ng'ombe mmoja akavuka barabara kwa hatua za mwenyekiti wa kijiji. Nikakanyaga. Gari likafikiri. Likasimama wakati ng'ombe amekwisha kufika ng'ambo na kusahau kwamba tulikutana.

"Longino," dada akasema, "hili gari linasimama au linachoka?"

"Ni upepo, dada. Nitautoa Kitai."

Pale Kitai nikalala kwenye matope chini ya gari. Stazia, nywele zimesukwa za harusi, zimefungwa kitambaa, akakaa kwenye kiti changu na kukanyaga pedeli.

"Kanyaga! Shika! Achia!"

"Baba mdogo, nimeshika mpaka lini?"

"Mpaka niseme achia!"

Magurudumu yote manne. Sikuona povu hata moja. Mafuta yalitoka safi kama ya kupikia. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikajisemea, huu upepo ni mjanja, umejificha ndani.

Kitai mpaka Ruanda

Barabara ya Ruanda wakati wa mvua haihitaji maelezo kwenu. Mahali pa saa moja na nusu tulitumia mchana mzima. Tulikwama mara mbili. Mara ya kwanza walitusukuma wanaume waliokuwa wakitoka shambani, wakauliza bibi harusi yuko wapi. Stazia alipotoa uso wakasema wangesukuma mpaka Malawi. Mara ya pili tulisukumwa na mimi na Editha, na hakuna aliyesema chochote kizuri.

Kwenye kila kimteremko nilikanyaga mpaka goti likatetemeka, na nikifika chini nasimama, nalala chali, tunatoa upepo tena. Stazia akawa hodari. Akawa anakanyaga na kujihesabia mwenyewe huku anakula muhogo wa kuchoma. Chupa ya mafuta ikabaki robo.

"Mimi nauliza tu," dada akasema kutoka dirishani, miguu yake ikiwa imekwisha kukauka. "Huo upepo mnautoa toka asubuhi. Hauishi? Au Gaudensi aliwapakilia kimbunga?"

Nikamjibu kwamba mambo ya magari ni ya kitaalamu. Naomba radhi kwake hapa, kwa maandishi, maana kwa mdomo nimegoma.

Ruanda

Tulifika Ruanda jua likiwa linashuka, tukasimama mbele ya duka la Mama Zuhura. Nasema tukasimama. Tulipita duka lake, tukapita na la jirani, tukasimamishwa na rundo la mchanga wa kujengea.

Mama Zuhura ni mjane, watu wa kwao wanatoka Lindi. Ana duka, ana chai, na tangu ruhusa ya kuingiza magari ilegezwe ana basi dogo la Kijapani liendalo Songea. Akatoka amejifunga khanga kiunoni, akatuangalia kwenye mchanga wake.

"Karibuni. Ndivyo mnavyopiga hodi huko Mbinga?"

"Shikamoo, Mama," nikasema, ingawa nadhani tunalingana. Aliyegonga mchanga wa mtu hachagui.

"Marahaba, mwanangu," akajibu bila aibu. "Breki?"

"Zina upepo."

"Nani kasema?"

"Fundi Gaudensi. Tumeutoa toka Kitai, mara sita."

Akaingia ndani kwanza, akatuletea chai ya tangawizi na wali wa maharage ya nazi, kwa sababu kwake mgeni hasemeshwi ubaya kabla hajala. Editha, ambaye hajawahi kula nazi, aliuliza maharage haya yametiwa maziwa ya mtu gani. Baada ya sahani ya pili akaacha kuuliza.

Tulipomaliza, Mama Zuhura akanawa, akaja kwenye gari.

"Zima. Haya, kanyaga pedeli mara tano. Sasa ishikilie, usiachie, washa."

Nikawasha. Pedeli ikabaki pale pale, kama nimekanyaga kizingiti.

"Shuka. Njoo kwenye langu."

Nikapanda kwenye basi lake, nikafanya vile vile. Lilipowaka tu, pedeli ikashuka yenyewe chini ya mguu wangu, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kochi. Jamani. Nilikuwa sijui kama pedeli ina adabu hivyo.

Akafunua injini yake iliyo chini ya kiti, akafunua na yangu. "Hizi ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Tazama. Oltaneta ya hii yangu, hili dude la kuchaji betri, ina nini mgongoni?"

Ilikuwa na kitu kama kibuyu kidogo, kina mpira unaokwenda kwenye busta, lile bakuli kubwa jeusi linalosaidia mguu kukanyaga.

"Na yako?"

Yangu ilikuwa na mgongo mtupu. Ilikuwa ile ile oltaneta ya zamani ya injini ya petroli, Gaudensi ameirudisha. Ule mpira wa busta alikuwa ameuchomeka kwenye bomba la injini la kuvutia hewa, kama ulivyokuwa enzi za petroli, akaufunga kwa kipande cha tairi la baiskeli.

Mama Zuhura akachana karatasi ya daftari lake. Akachomoa mpira wa basi lake, injini inanguruma, akaisogeza karatasi mdomoni mwa mpira. Ikanaswa, twap! Akafanya hivyo kwenye mpira wangu. Karatasi ikaangukia matopeni.

"Petroli ilikuwa inavuta yenyewe," akasema. "Dizeli haivuti. Ndiyo maana imepewa hicho kibuyu kivute badala yake. Busta ni kama mtoto mchanga, Baba, linapata nguvu kwa kunyonya. Hili lako limeachishwa ziwa tangu lilipobadilishiwa mama."

"Lakini Gaudensi alisema upepo!"

"Alisema breki zina upepo au hazina upepo?"

Alisema ni upepo tu. Upepo tu! Yeye alimaanisha busta halipati upepo wake, mimi nikaelewa upepo umeingia kwenye mabomba. Mtu mzima nimelala matopeni mara sita nikitoa kitu kisichokuwemo, huku nikimwaga mafuta yaliyokuwemo. Neno moja, na aliyelisema hakutoa hata kichwa chini ya lori.

Na kibuyu kilikwenda wapi? Niliporudi nililijua hilo pia. Gaudensi alimuuzia shemeji yake Bosko ile oltaneta iliyokuja na injini ya dizeli, kibuyu na vyote, naye ameifunga kwenye kijimashine chake anachochajia watu betri za redio. Kwa hiyo nyie mnaosikiliza taarifa ya habari kwa betri za Bosko, mnasikiliza breki zangu.

"Mama, niazime chako mpaka Jumatatu," nikaomba.

"Na abiria wangu wa kesho nitawasimamisha kwa dua?" Akatikisa kichwa. "Sikiliza. Breki zako hazijafa. Zimekosa msaidizi tu. Mguu wa mtu mmoja hautoshi, basi ikanyagwe na wawili. Tumia gia ya kwanza toka juu mpaka chini, na usitoe upepo tena hata malaika akikuamuru."

Nikamwambia huyo mtu wa pili labda asiwe bibi harusi, nitafute mwanamume mwenye nguvu.

"Baba mdogo," Stazia akasema, "nani amekanyaga pedeli hiyo toka asubuhi? Hao wanaume wako hata hawajui iko wapi."

Mama Zuhura akatujazia mafuta ya breki, akatupa sehemu ya kulala, na alfajiri akamfunga Stazia shela kwa mikono yake, maana tulijua huko mbele hatutapata muda.

Kuteremka Lituhi

Sasa hapa ndipo mnapopapenda. Fikirini kiti kimoja: mimi nimeshika usukani, mguu wangu kwenye pedeli. Bibi harusi na gauni jeupe, ameketi upande upande, amevua viatu vyake vyeupe, miguu yake miwili mitupu juu ya kiatu changu. Viatu vyake vimeshikwa na Editha, ambaye mkono wa pili ameshika rozari na dirisha kwa pamoja. Handibreki ilikuwa pambo.

"Kanyaga!" Tunakanyaga. "Achia!" Tunaachia.

Na gari likawa linatii! Zito, linalalamika, lakini linatii. Kona ya kwanza, ya pili, ya tano. Mguu wangu niliusikia unapondeka kama karanga. Ziwa likatokea kule chini, bluu, pana, Stazia ndiyo mara yake ya kwanza kuliona, akainua shingo.

"Baba mdogo, kumbe kubwa hivi!"

"Usitazame ziwa! Tazama mguu!"

Tulikuwa kwenye mteremko wa mwisho nikijidai tumemaliza, ndipo nikaona watu barabarani. Walikuwa kama thelathini, wana ngoma. Ndugu za Lazaro walikuwa wamepanda kutupokea, wakajipanga katikati ya barabara, chini kabisa ya mlima, mahali ambapo mtu yeyote mwenye breki angesimama kwa furaha.

Nikapiga honi. Wakapiga vigelegele.

Nikapiga honi bila kuachia, nikatoa kichwa, nikapaza sauti, "Ondokeni! Ondokeni jamani!"

"Wanaimba!" nikamsikia mama mmoja anasema. "Nao wanaimba!" Wakazidisha ngoma. Mzee mmoja akaanza kucheza akitujia, mikono ameitanua kama anayekaribisha ndege.

"Kanyaga, Stazia!"

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga yote!"

Akanyanyuka kwenye kiti. Mgongo ameukaza kwenye egemeo, kichwa kimegusa bati la juu, shela imeangukia machoni mwangu, miguu yote miwili, uzito wote wa binti aliyekula ugali wa Mbinga miaka ishirini na miwili. Mimi sikuona barabara, niliona shela tu. Nikasikia Editha anasema, "Salamu Maria, wewe mzee, toka!" kama sala moja.

Gari likasimama.

Nikaondoa shela usoni. Bampa lilikuwa limeigusa ngoma kubwa, limeigusa tu, na mpigaji alikuwa bado anapiga, hajui. Yule mzee aliyekuwa anacheza, Eliasi, ambaye ni mjomba wa Lazaro, akaja dirishani akiwa anahema kwa kicheko.

"Mkwe, karibuni sana! Wewe ni dereva hasa. Kusimama kwenye ngoma kabisa! Sisi huku hatujawahi kuona heshima kama hiyo."

Nikafungua mdomo nimwambie. Editha akanyoosha mguu, akanikanyaga ule wangu uliobaki mzima.

"Ni desturi yetu," akasema. "Milimani tunasimama hivyo."

Ufukweni mpaka Ngumbo

Saa tatu ilikwisha kupita. Kutoka Lituhi njia inafuata ziwa, tambarare na mchanga, na hapo nikawa na shida nyingine: kila mji ulitaka tusimame tusalimie. Kina mama walitoka na sahani zimefunikwa. Lakini kila kusimama ilikuwa miguu mitatu na sala, kwa hiyo sikusimama. Nilipunguza mwendo tu, na Editha akanyoosha mkono akipokea vyakula dirishani kama kondakta anayepokea nauli. Alipata usipa wa kukaanga, ugali wa muhogo, na ndizi. Ugali wa muhogo alisema unavutika kama raba. Aliula wote.

"Wamatengo hawa wa milimani wana kiburi," tukasikia nyuma yetu. "Hawashuki hata kunywa maji."

"Punga mkono, Stazia," nikasema.

"Napungaje na miguu iko kazini?"

Lakini akapunga.

Tulipoliona kanisa la kigango, saa ilikuwa karibu saa tano. Watu walikuwa wamesimama nje wawili wawili, na nyuso za watu waliokwisha kuanza kusema. Mama yake Lazaro alikuwa ameketi, ameigeuzia barabara mgongo. Na padri, kijana mrefu mwenye haraka, alikuwa juu ya pikipiki yake, helmeti kichwani, ana ubatizo kigango kingine. Lazaro alikuwa ameshika usukani wa pikipiki ile kwa mikono yote miwili, na suti yake, anambembeleza.

Nikazima injini mbali, tukaingia kwenye mchanga mzito, tukakanyaga kwa mara ya mwisho. Gari likazama, likatulia. Stazia akashuka kabla ya mtu kumfungulia. Hakungoja viatu. Alikwenda peku moja kwa moja mpaka kwa padri, shela imepinda, nyayo nyeusi kwa grisi ya kiatu changu.

"Shikamoo, Padri. Tumechelewa kwa sababu ya breki. Naomba ushuke."

Padri akamtazama, akatazama saa, akatazama zile nyayo. Akavua helmeti.

Ndani, akaenda mbio kama mtu anayesoma matangazo. Alipofika mahali pa kuuliza, akauliza kama inavyoulizwa, "Anastazia, umekuja hapa kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu?"

Mama yake Lazaro ameinua shingo. Mimi nimesimama kwa mguu mmoja.

"Padri," Stazia akasema, "toka juu ya mlima mpaka hapa nimekanyaga breki kwa miguu miwili, na bado nimefika. Nani wa kunilazimisha?"

Padri akakitazama kitabu chake. Jibu la namna ile halikuwemo. Akalipokea hivyo hivyo.